Karibu Uliyepitwa

Ukurasa ulifika Bulongwa umeviringishwa kwenye chimni ya taa,
bado una baridi ya njia nzima kutoka Mbeya.
Mama akachana nusu, akawashia moto wa alfajiri.
Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa na mshindi.

Mshindi wa Marekani, basi, aliivisha viazi vyetu,
akatokea kwenye nyasi za paa akiwa moshi.
Aliyebaki tulimbandika ukutani kwa uji wa ngano:
farasi wa rangi ya kutu, masikio yamelala,
na mbele ya pua yake ukingo uliochanika.

Baba, Obadia Tweve, alikuwa na darasa la saba.
Shule ilipotoa wawili kwenda sekondari, yeye alikuwa wa tatu.
Akaazima kamusi kwa karani wa zahanati,
akakaa nayo Juni nzima, miguu kwenye majivu ya moto,
nje umande umeganda juu ya pareto.
Alitoka na jina: Alidari.
Alitoka na miji: Kentaki, Baltimo, Nyu Yoki.
Mbio tatu ndani ya majuma matano, adui yuleyule,
pili, na pili, na pili.
Ndipo akatunga hili, akaliandika kwa mkaa chini ya picha:

*Mara ya kwanza kapitwa, mwili mmoja na nusu,*
*Mara ya pili kapitwa, shingo, umbali wa busu,*
*Mara ya tatu kapitwa, kichwa, unene wa kisu,*
*Karibu uliyepitwa, Makete imeruhusu.*

Punda wetu akamwita Alidari.
Mama alimwita Wewe.
Gunia mbili kila safari, kutoka bondeni hadi barabarani,
fuso zinanguruma, madalali wanapiga miluzi,
na Baba pembeni yake akimnong'oneza:
unasogea, unaona? mwili, shingo, kichwa, unasogea.

Siku ya Saba Saba vijana walishindanisha punda,
kutoka kanisani hadi ghala la pareto,
mstari wa majivu ukiwa umemwagwa na mke wa Luvanda
ambaye punda wake ndiye alikuwa akishinda kila mwaka,
lakini hayo tuyaache.
Mwaka wa kwanza Alidari alikuwa wa pili.
Mwaka wa pili mvua ilinyesha isivyo kawaida, hawakukimbia.
Mwaka wa tatu, mimi niko juu ya ukuta na kiazi cha moto mfukoni,
nikamwona anakuja peke yake, vumbi lote liko nyuma yake,
Baba anapiga kelele kwa Kikinga, maneno ambayo kanisani hayasemwi.

Akasimama.
Hatua moja kabla ya majivu, kwato zimekaa sawa,
akageuza shingo kumtafuta Baba.
Kumbe pale, kwa miaka yote, ndipo aliposhushwa magunia.
Alikuwa anasubiri kushushwa.

Punda wa Luvanda akapita. Watu wakacheka hadi jioni.
Baba alikwenda taratibu, akapapasa mgongo usio na kitu
huku na huku, kama anayefungua kamba,
akasema: haya, tayari.
Ndipo Alidari akavuka.

Sasa nafundisha Mbeya, na simu yangu inajua kila kitu.
Jana usiku, mvua ikipiga bati la Mwanjelwa, nikamtafuta mshindi.
Nikampata: jina lake, picha yake nzima, shada la maua shingoni.
Nikapiga Bulongwa. Baba alipanda kilimani kutafuta mtandao,
nilisikia upepo kabla sijamsikia yeye.
Nikasema, Baba, nimempata yule aliyeungua.

Akakohoa.
Akauliza: na wa tatu?
Wa tatu nani, Baba?
Siku zile tatu, alikuwepo wa tatu. Na wa mwisho.
Angalia kama wameandika alipewa maji

na mtandao ukakatika hapo, au alishuka, sijui,
kule juu baridi haingoji mtu amalize.